T-59 Mezani: Kuunda Kifaru cha Vita vya Kagera na Kukipaka Vumbi Lake

Kabla hujafungua boksi, chagua mwezi. Kifaru kilichokuwa kando ya Mto Kagera Novemba 1978, mvua za vuli zikinyesha, hakiwezi kuwa na sura moja na kifaru kilichofika Mutukula Januari 1979, mvua zimekatika na vumbi jekundu limepanda mpaka juu ya mnara. Kile cha Machi, kwenye madimbwi ya Lukaya, ni kitu kingine tena. Chuma ni kilekile na rangi ya kiwandani ni ileile. Kinachotofautisha ni udongo, maji na siku zilizopita, na hivyo ndivyo mtazamaji atakavyoviona kwanza, hata kama hajui jina la kifaru chenyewe.

Nimeona vifaru vingi vya plastiki vilivyoungwa kwa ustadi mkubwa lakini havina mahali. Vimepakwa tope la kahawia linalofanana kila upande, kutu ya kila aina, mikwaruzo ya fedha kila ukingo. Ukimuuliza aliyeviunda kama viko jangwani au msituni, hana jibu. Katika mwongozo huu nataka tutengeneze kifaru kimoja chenye mahali na mwezi wake, yaani T-59 ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) katika vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda, kwa kipimo cha 1/35.

Kijue kabla ya kukikata

T-59 ni ndugu wa Kichina wa kifaru cha Kisovieti T-54A. Kilitengenezwa Baotou, Mongolia ya Ndani, na jina lake linatokana na mwaka 1959 kilipoingia rasmi jeshini. Kina uzito wa tani 36 hivi, mzinga wa milimita 100, injini ya dizeli ya nguvu farasi 520 iliyokaa nyuma, na watu wanne ndani: kamanda, mlenga shabaha, mpakiaji na dereva. Kamanda na mlenga shabaha wapo upande wa kushoto wa mnara, mpakiaji kulia. Hili lishike, kwa sababu litakusaidia kuamua ni mfuniko upi uuache wazi na nani achomoze kichwa.

Upande wa pili wa vita hivyo, jeshi la Amin lilikuwa na T-55 za Kisovieti na Sherman za zamani za Kimarekani zilizopitia Israeli. Sherman huwezi kuichanganya na kitu kingine. T-55 ndiyo yenye hatari, maana ni binamu wa damu wa T-59, na mtu asiyeangalia vizuri anaweza kuweka alama za JWTZ juu ya kifaru cha adui. Angalia juu ya mnara, upande wa kulia, mbele ya mfuniko wa mpakiaji. T-54 na T-59 zina kifuniko cha feni ya kuvuta moshi, cha duara, kama uyoga uliobonyea. T-55 haina. Ukishaijua alama hii moja utaweza kusoma picha za vita hivyo kwa jicho jipya.

Magurudumu nayo yanasema. Kuna matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna nafasi pana kuliko kati ya mengine. Hakuna magurudumu madogo ya juu ya kubeba mnyororo, kwa hiyo mnyororo unapita ukilala juu ya magurudumu yenyewe. Ekzosi iko kushoto, juu ya madigadi, kuelekea nyuma. Matenki ya ziada ya mafuta yako juu ya madigadi ya kulia. Nyuma mara nyingi hufungwa gogo la kujinasulia kwenye tope.

Kwa boksi lenyewe, Trumpeter ya China na MiniArt ya Ukraine zote zimetoa T-59 ya 1/35. Ya MiniArt ina vipande vidogo vingi sana na sura yake ni kali, lakini si kazi ya kuanzia. Kama hii ndiyo mara yako ya kwanza kushika plastiki, anza na Trumpeter, au fanya mazoezi kwanza na T-55A ya Tamiya, ambayo vipande vyake hukaa mahali pake bila ugomvi. Tamiya hiyohiyo, kampuni ya Kijapani, ndiyo iliyotuachia kipimo hiki kisicho cha kawaida cha 1/35. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza kifaru cha Kijerumani, Panther, chenye mota, wakakipa ukubwa wa kutosha kubeba betri zake. Walipopima baadaye wakakuta kimeangukia 1/35, na dunia nzima ya vifaru vidogo ikawafuata.

Gawa kila kitu kwa 35. Urefu wa kifaru pamoja na mtutu ni kama mita 9, kwa hiyo mezani utapata sentimita 25 na ushee. Upana wa mita 3.27 unakuwa milimita 93. Mtu wa mita 1.75 anakuwa sentimita 5. Chembe ya mchanga ya milimita moja, ukiibandika kwenye madigadi, ni jiwe la milimita 35, na hakuna askari angeliacha jiwe la ukubwa huo chini ya mguu wake. Nitairudia hesabu hii tukifika kwenye vumbi.

Meza na vifaa

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, plaizi ndogo ya kukatia, kibano, tupa laini, msasa wa namba 400, 800 na 1000, keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, vibanio vya nguo, na gundi nyembamba ya plastiki. Gundi hii haibandiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha kingo mbili za plastiki mpaka ziwe kitu kimoja. Shikilia vipande viwili vikiwa vimeshikana, gusa mshono kwa ncha ya brashi yenye gundi, na utaiona ikikimbia yenyewe kando ya mshono wote. Ukiimwaga kwanza kisha ukabandika, itatokeza pembeni na kuharibu sura. Dirisha liwe wazi, na mshumaa usiwe karibu wakati chupa ya gundi iko wazi.

Vipande vimeshikana na fremu kwa vishingo vidogo. Kata mbali kidogo na kipande kwanza, kisha rudi umalizie kwa wembe na msasa. Ukikatia karibu kwa mara moja, plastiki huvunjika kuelekea ndani na kukuachia kishimo utakachokijaza kwa puti. Usikate vipande vyote siku ya kwanza. Ukivichanganya, namba zao zitabaki kwenye fremu, nawe utabaki na rundo.

Ngozi mbili za kifaru

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na hapa ndipo ningekuomba ukae.

Kifaru hiki kina ngozi mbili tofauti. Mwili wake umeungwa kwa mabamba ya chuma yaliyobanwa bapa kwenye mashine, yaliyonyooka na laini, kisha yakachomelewa. Mnara ni kitu kingine. Umemiminwa kwa chuma kilichoyeyushwa ndani ya kalibu, ukatoka na umbo la bakuli lililofunikwa, na uso wake una mikwaruzo na vifundo vya mchanga wa kalibu. Ukipitisha mkono wako juu ya mnara halisi wa aina hii utahisi kama unapapasa sufuria nzito ya chuma ambayo haijapigwa msasa. Plastiki ya boksi mara nyingi huja laini pande zote mbili, na kifaru kikibaki hivyo kitaonekana kama kimechongwa kwa sabuni.

Chukua puti ya plastiki, izimue kwa gundi nyembamba mpaka iwe kama uji mwepesi, kisha ipake juu ya mnara kwa brashi kuukuu yenye nywele ngumu zilizokatwa fupi. Usiburute brashi. Igongegonge tu, ukienda bila mpangilio. Iache ikauke usiku kucha, halafu pitisha msasa wa 400 kwa mkono mwepesi ili uvunje vilele tu. Ukiuweka chini ya taa inayomulika kutoka pembeni utaona uso wenye uhai. Mwili usiuguse. Tofauti kati ya ule ukali wa mnara na unyoofu wa mwili ndiyo inayoshawishi jicho.

Kisha mishono ya kuchomelea. Pale mabamba ya mbele yanapokutana, na pale paa la mnara linapoungana na bakuli lake, pawe na mstari ulioinuka wa chuma kilichoyeyuka. Chukua kipande cha fremu, kipashe moto juu ya mshumaa huku ukikizungusha mpaka kilainike, kiondoe motoni, kisha kivute taratibu kwa mikono miwili. Kitanyooka na kuwa uzi mwembamba. Ubandike uzi huo kwenye mshono, uulainishe kwa gundi mara mbili tatu, na ukishakuwa laini ubonyeze kwa ncha ya wembe mfululizo, vibonyezo vikipandiana kama magamba ya samaki. Mshono halisi wa milimita 20 unakuwa nusu milimita na ushee tu, kwa hiyo uzi ukionekana mnene machoni pako, ni mnene kweli.

Vishikio vya mnara ambavyo askari wa miguu hujishikiza wakipanda juu huja vinene mno kwenye boksi. Vikate, toboa matundu kwa keekee, na weka waya wa shaba wa nusu milimita uliochunwa kutoka kwenye waya wa umeme. Hili ni badiliko dogo lenye faida kubwa kuliko yote niyajuayo. Ukipata seti ya vipande vya shaba vilivyochongwa kwa asidi kwa ajili ya wavu wa juu ya injini, tumia wavu huo. Vingine vya seti hiyo, kama vifungo vya masanduku, si lazima.

Mtutu nao uutazame. Nusu zake mbili zikiunganishwa huacha mshono unaokimbia urefu wote, na mtutu wenye mshono huharibu kazi nzuri ya mwezi mzima. Uunge, ungoje siku nzima, kisha upige msasa ukizunguka mtutu, usiende nao kwa urefu tu, la sivyo utaupa bapa. Karibu na mdomo wa mtutu kuna uvimbe wa kunyonya gesi za baruti. Usiumalize kwa msasa ukidhani ni kasoro.

Magurudumu na mnyororo

Bandika mikono ya magurudumu, kisha kabla gundi haijakaza, simamisha mwili juu ya kipande cha kioo na uangalie kwa usawa wa jicho. Magurudumu yote kumi yaguse kioo. Kifaru cha tani 36 hakining'inizi gurudumu hewani kwenye ardhi tambarare.

Magurudumu yapakwe rangi kabla ya mnyororo kuvaliwa. Kwenye kifaru changu cha kwanza nilivalisha minyororo nikiwa na hamu ya kukiona kimekamilika, na nikakaa jioni tatu nikijaribu kufikisha brashi nyuma ya gurudumu la tatu bila mafanikio. Tairi la kila gurudumu ni mpira mgumu, kwa hiyo ni la kijivu kilichokolea, lisilong'aa. Usitumie nyeusi tupu.

Kama mnyororo wako ni wa vipande vya kuunga kimoja kimoja, hesabu karibu 90 kila upande, na tenga siku yake. Viunge mstari mmoja juu ya ukanda wa selotepu, pitisha gundi, ngoja kama nusu saa mpaka vishike lakini bado vinapinda, kisha uzungushe mstari wote kwenye magurudumu. Kwa kuwa hakuna magurudumu ya kuubeba juu, mnyororo lazima ulale. Ubonye kati ya gurudumu na gurudumu kwa kipande cha sponji kilichobanwa chini ya madigadi, na ukiache hapo mpaka asubuhi. Mnyororo ulionyooka kama rula juu ya magurudumu ya T-59 ni kosa ambalo mtu anayejua vifaru ataliona kabla hajakaa kitini. Hakikisha pia vipande vya kushoto na kulia vinatazama mwelekeo mmoja. Linganisha na picha, si na kumbukumbu.

Kijani na jua la ikweta

Osha kifaru kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ili kuondoa mafuta ya vidole, kiache kikauke, kisha kipake praima ya kijivu. Praima itakuonyesha nyufa na mishono uliyoipita, na ni afadhali uione sasa. Rudi kwenye puti na msasa bila aibu.

Rangi ya msingi ni kijani cha jeshi cha Kichina, kijani cha zeituni kilichokolea. Usiitumie kama inavyotoka chupani. Kitu kidogo huonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa chenye rangi hiyohiyo, na juu ya hilo jua la ukanda wetu hupausha rangi. Ongeza njano ya mchanga kidogo, si nyeupe tu, kwa sababu nyeupe hukipa kijani ubaridi wa chokaa. Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki na ukipeleke nje mwangani.

Brashi ya kawaida inatosha kabisa. Tumia bapa yenye upana wa sentimita moja, zimua akriliki kwa maji, paka tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikauke kabla ya inayofuata, na kwenye mabamba yaliyosimama vuta brashi kutoka juu kwenda chini ili hata michirizi ikitokea ifanane na ya mvua. Mwenye kompresa na bomba la kupulizia afanye kazi kwa hewa ndogo, kama bar moja, karibu na kifaru, na avae barakoa. Kisha changanya tena kijani kikiwa chepesi zaidi kidogo, upake sehemu zinazotazama juu: paa la mnara, mifuniko, sehemu ya juu ya injini. Chini ya madigadi acha kilichokolea.

Alama na namba ni jambo la uaminifu. Weka zile tu unazoweza kuzionyesha pichani. Usipokuwa na picha ya kifaru chenye namba, kiache bila namba, kwani namba ya kubuni juu ya kifaru cha vita ambamo watu wetu walikufa ni uongo mdogo usio na sababu. Ukizipata, paka kwanza vanishi ya kung'aa mahali hapo, tandaza stika ya maji, na ikigoma kulala juu ya ukali wa mnara ule ulioutengeneza, ilainishe kwa siki iliyozimuliwa kwa maji.

Vanishi hiyo ya kung'aa ipeleke mwili mzima. Inatengeneza njia ya hatua inayofuata, ambayo ni kutiririsha rangi nyembamba ya kahawia iliyokolea kwenye mianya. Rangi ya mafuta ya wachoraji izimuliwe kwa tapentaini isiyo na harufu mpaka iwe kama chai ya rangi. Gusa kwa ncha ya brashi penye kona, kuzunguka bolti, kando ya mishono ya kuchomelea, na iache ikimbie. Baada ya dakika ishirini, futa iliyozidi kwa brashi safi ukivuta chini. Usithubutu kutumia tina ya rangi za magari mahali popote katika kazi hii. Itakula rangi na plastiki pamoja.

Mikwaruzo iwe michache. T-59 za JWTZ hazikuwa vyuma vya kutupwa. Zilikuwa mashine zinazotunzwa na watu waliozitegemea kwa uhai wao. Rangi huondoka pale miguu inapokanyaga kila siku, kwenye ukingo wa mfuniko wa dereva, mbele ya madigadi, chini ya vishikio. Chovya kipande cha sponji katika kahawia iliyokaribia nyeusi, kikaushe karibu chote kwenye karatasi, halafu gusa hapo tu. Fedha usitumie kwenye mwili. Chuma kinachong'aa kiko kwenye meno ya gurudumu la nyuma linalovuta mnyororo, na kwenye uso wa mnyororo unaosaga ardhi, maana mnyororo huu ni chuma kitupu bila mpira. Kalamu ya risasi laini ukiisugua hapo inatoa mng'ao sahihi kabisa.

Vumbi la Mutukula, tope la Lukaya

Sasa turudi kwenye mwezi uliouchagua.

Ukichagua Januari, unafanya kazi ya vumbi. Udongo wa ukanda huo, kutoka Missenyi upande wa Tanzania kuingia Buganda upande wa Uganda, ni mwekundu wa kutu, uleule unaowekwa barabarani kama murramu. Ukiweza kupata kiganja cha udongo wenyewe, ni zawadi. Ukaange kwenye kikaango kikavu ili kuua wadudu na ukungu, utwange mpaka uwe unga, kisha uuchekeche kupitia soksi ya nailoni mara mbili. Kumbuka hesabu ya 35. Usipochekecha, unamwaga kokoto. Kama huna udongo, chaki laini za wachoraji, nyekundu ya matofali na njano ya mchanga, zilizosagwa kwa wembe, zitafanya kazi hiyo.

Tengeneza rangi tatu za vumbi, si moja. Nyekundu iliyokolea kwa chini, karibu na magurudumu. Nyekundu ya kawaida kwa madigadi na ubavu. Na nyekundu iliyopauka, iliyochanganywa na njano ya mchanga, kwa paa la mnara na popote palipo tambarare, kwa sababu vumbi la juu ni lile jepesi zaidi na limekaa juani. Lipake kavu kwa brashi laini, ukilisukuma kwenye kona na kulifuta katikati ya mabamba. Mnyororo huinua vumbi na kulirusha nyuma, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya kifaru na gogo vipate zaidi ya mbele. Pale wanapopanda na kushuka wafanyakazi wa kifaru, vumbi limefutwa na suruali zao. Acha njia hiyo ionekane, kutoka kwenye madigadi mpaka mfuniko wa kamanda, na mtazamaji ataona watu hata kama hujaweka mtu hata mmoja.

Kulifunga vumbi, gusa ukingo wake kwa brashi yenye tapentaini na iache isambae yenyewe. Udongo utageuka mweusi ghafla na utashtuka. Usiongeze kitu. Utarudia rangi yake ukikauka. Spiriti ya hospitali usiitumie hapa, kwani inayeyusha akriliki iliyo chini na utabaki na uji wa kijani na nyekundu. Ekzosi ya kushoto ipate masizi, meusi karibu na tundu na yakififia nyuma, juu ya vumbi na si chini yake.

Ukichagua Machi, umechagua Lukaya. Barabara ya Masaka kwenda Kampala hupita hapo katikati ya dimbwi la mafunjo, juu ya tuta, na tarehe 10 na 11 Machi 1979 wanajeshi wa Tanzania walipambana hapo na jeshi la Amin lililosaidiwa na Walibya. Kifaru kinachoteremka kando ya tuta lile kinakutana na udongo wa aina mbili, mwekundu wa tuta na mweusi wa dimbwi. Huo ndio utajiri wa mandhari hiyo, na ningekushauri uionyeshe: tope la kale lililokauka likiwa jekundu hafifu, na juu yake tope jipya jeusi, bichi, linalong'aa.

Tope lenyewe ni mchanganyiko wa udongo uliochekechwa, unga wa plasta, gundi nyeupe ya mbao, maji na rangi ya akriliki. Liwe zito kama ugali mwepesi kwa yale mabonge ya kati ya magurudumu, na jepesi kama rojo kwa matone. Lichome kwa kijiti kwenye ubavu wa chini, nyuma ya magurudumu na chini ya madigadi, mahali ambapo mnyororo hauwezi kulifuta. Kwa matone, chovya brashi, iweke karibu na kifaru na uipige kwa kijiti, huku umekinga mnara kwa karatasi. Bonge la milimita tatu ni tope la sentimita kumi na ushee. Hilo linawezekana chini, karibu na mnyororo, na haliwezekani kwenye mfuniko wa kamanda. Mwisho, gusa vanishi ya kung'aa kwenye lile jeusi tu, nalo litabaki bichi daima. Mvua ya masika huosha pia. Vuta michirizi myembamba ya vumbi hafifu kutoka juu kwenda chini kwenye ubavu wa mnara, kisha uifute nusu yake.

Ardhi ya kusimamia

Kibao cha sentimita 20 kwa 30 kinatosha. Jenga mteremko kwa stairofomu, funika kwa mchanganyiko uleule wa tope ulioutumia kwenye kifaru, kwa makusudi, ili ardhi na kifaru visipingane. Kandamiza mnyororo kwenye tope kabla halijakauka ili alama zake zibaki nyuma yake. Kifaru kisikae juu ya ardhi kama sahani juu ya meza, bali kizame kidogo.

Mafunjo ni rahisi kwetu kuliko kwa mtu wa Ulaya, kwa sababu tuna katani. Funjo la mita nne linakuwa sentimita 11. Chukua uzi mmoja mnene wa katani, ubandike nyuzi nyembamba kwenye ncha yake zikitawanyika kama nywele, upake kijani na uukaushe. Fanya thelathini, arobaini, upande kwa mafungu, mengine yakiwa yamelala pale kifaru kilipopita. Ukichagua upande wa Kagera, weka mgomba. Jani la mgomba la mita mbili ni sentimita sita hivi za karatasi nyembamba. Pitisha ncha butu katikati kupata uti, kata kingo zipasuke kama zilivyopasuliwa na upepo, lipake kijani juu na kijani kilichopauka chini, na yale majani makuukuu yaning'inie yakiwa ya kahawia. Mgomba mmoja uliofanywa vizuri unamweleza mtu wa Bukoba mahali alipo kuliko bango lolote.

Kama utaweka watu, weka wachache, na uwape kazi ya kawaida: mmoja anakaza bolti ya mnyororo, mmoja ameketi juu ya mnara akitazama mbali. Nguo zao zichukue vumbi lilelile. Miili ya waliokufa mimi siiweki. Wapo waliolala Kaboya, Muleba, wenye majina na familia, na sitaki kuwafanya pambo la kibao.

Mambo ya mwisho ni madogo. Antena ya uzi wa plastiki uliovutwa kwa moto iwe ya mwisho kabisa kubandikwa, maana utaivunja kila mara ukiiweka mapema. Kamba ya waya ya kukokotea itengeneze kwa kusokota nyaya tatu nyembamba za shaba. Turubai lililokunjwa nyuma ya mnara ni karatasi laini iliyochovywa kwenye gundi ya mbao na maji, ikakunjwa ikiwa mbichi. Paka vanishi isiyong'aa kifaru chote isipokuwa kwenye tope bichi na vioo vya taa.

Halafu geuza kibao, na kwa kalamu ya risasi andika mahali na mwezi, kwa mfano Mutukula, Januari 1979, pamoja na orodha ya rangi ulizochanganya na vipimo vyake. Utahitaji orodha hiyo siku utakapotaka kuunda kifaru cha pili. Kiweke kwenye kabati la kioo, mbali na dirisha linalopokea jua la mchana.